Gurudumu Jeupe

Mtaani walimwita Koleo. Alijua, na hakuona sababu ya kulikataa jina linalomfaa. Alikuwa fundi saa, mjane, na maneno yake yakishakubana hayaachii. Mteja akileta saa iliyoingia maji, alimtazama kwanza juu mpaka chini. "Hii uliivaa, au uliifulia nguo?" Mwingine akilalamika saa yake inachelewa, alimjibu kwamba saa imeiga mwenyewe, maana aliahidi kuja Jumatatu na leo ni Alhamisi. Wakaondoka wakinung'unika, wakarudi. Kwa saa za kutia ufunguo hakuwa na mpinzani, na waliomchukia walikuwa wa kwanza kukuelekeza kwake.

Duka lenyewe lilikuwa chumba chini ya ngazi za jengo la ofisi, chembamba kiasi kwamba mteja akiingia fundi lazima avute kiti. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mashine za fotokopi zilizotetemesha meza kutwa nzima, kwa hiyo Koleo alikuwa amekata ndala kuukuu na kuweka vipande vyake chini ya miguu ya meza. Meza na kiti, kimoja tu, vilikuwa vya marehemu mumewe. Kazi pia alifundishwa naye: fungua, osha kila kipande kwa petroli, kausha, kagua kwa lenzi, kisha tia mafuta tone dogo kuliko kichwa cha pini. "Ncha ya gurudumu iking'aa, irudishe," alikuwa akimwambia. "Ikiwa nyeusi na imelika, usiirudishe hata kwa saa ya adui yako."

Mumewe alipofariki, wakwe walimwachia ufunguo wa duka "kwa muda". Muda ulipofika miaka mitatu, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaanza kukohoakohoa. Alitaka chumba auzie makava ya simu. Chumba kilikuwa cha mama mkwe, na mama mkwe na Koleo hawakuwahi kuiva chungu kimoja tangu siku ya posa. Bibi yule alimwita "mke wa mwanangu" hata akiwa amesimama mbele yake, utadhani anamsengenya mtu aliye chumba cha pili. Koleo naye alimchukia waziwazi. Alichukia hata anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

Jumanne moja wakaja wote wawili. Mama mkwe alivua saa yake ndogo ya mkono, ile aliyonunuliwa na mumewe ujanani, akaitupa juu ya meza.

"Imekufa," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Sikuja kusalimiwa."

Shemeji alikuwa tayari anapima ukuta kwa shubiri, akihesabu kwa sauti. "Uliifungua miezi minane iliyopita, shemeji," alisema bila kugeuka. "Ukaisafisha, ukasema imepona. Saa ya mama mwenyewe inafia mikononi mwako, za watu baki itakuwaje? Tumekubaliana na mama. Ikiwa ni kazi yako mbovu, kesho unafungasha."

"Na ikiwa si yangu?"

"Utabaki," mama mkwe alisema. "Mimi sidhulumu mtu. Fungua nione."

Koleo aliilaza saa mezani, ikatembea. Akaisimamisha wima, ikaacha kutembea. Alijua ugonjwa wake bila kuifungua. Aliujua kwa miezi minane.

Mafundi saa wana desturi yao. Ukimaliza kazi unakwaruza alama yako na tarehe ndani ya kifuniko cha nyuma, chini ya alama ya aliyekutangulia. Ukishaiweka, kila ubovu uliomo ni wako, hata kama uliukuta. Ndani ya kifuniko kile mlikuwa na alama nne za mumewe, na ya tano ilikuwa ya Koleo. Na katikati ya magurudumu ya manjano, mlikuwa na gurudumu moja jeupe.

Miezi minane nyuma alipoliona, alilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Ncha yake ilikuwa nyeusi, imechimbika mfereji. Halikuwa la saa ile. Kiwanda kilikuwa kimoja na vipande vya ndani vililingana, lakini saa zenye magurudumu meupe zilitoka miaka ya baadaye, na ya namna hiyo aliijua moja tu: ya mumewe. Basi mume aliyemkataza kumrudishia hata adui ncha iliyolika alikuwa ametoa gurudumu zima kwenye saa ya mama yake, akajiwekea yeye, na kumwachia mama lake bovu. Mama haivai ila siku za kutoka, nani angejua? Koleo alitafuta jingine kwa mafundi wote aliowajua, akakosa. Akasafisha, akatia mafuta mazito kidogo kuliko inavyotakiwa, akafunga, akaweka alama yake. Alijiambia kwamba marehemu hasemwi. Ukweli ni kwamba aliona haya.

Sasa angeweza kusema ni vumbi. Angeweza hata kusema ni uzee, saa nazo huzeeka. Alikuwa ameshafumbua mdomo, shemeji akakalia kiti cha marehemu, akajinyoosha, akatazama mkono wake.

"Fanya haraka, shemeji. Nina watu wa kupima milango saa nane."

Mkononi alikuwa amevaa saa ya kaka yake. Aliirithi siku ya arobaini, akisema saa ya kiume haina kazi kwa mwanamke. Koleo alihisi hasira ikimpanda toka miguuni.

"Vua hiyo saa," alisema.

"Yangu inatembea."

"Ndiyo maana nakwambia uivue!"

Mama mkwe alinyoosha kiganja, na shemeji akavua. Koleo alifungua vifuniko viwili, akaziweka saa sambamba chini ya taa, akamwinua shemeji, akamvutia bibi kiti, akampa lenzi. Bibi alihangaika nayo mpaka ikakaa kwenye jicho.

"Yako ina magurudumu ya rangi gani?"

"Manjano. Moja jeupe."

"Ya mwanao?"

Bibi alisogeza jicho kwenye saa kubwa. "Meupe. Moja la manjano."

"Basi mimi sina neno. Hilo jeupe limelika ncha, ndilo linalokusimamishia saa. Yaliwekwa hivyo kabla sijajua hata kushika kibano. Mimi kosa langu ni kwamba niliona, nikanyamaza, nikaweka alama yangu. Hilo langu. Lile si langu."

"Anamsingizia maiti!" shemeji alifoka. "Mama, unamsikia? Maiti!"

"Nyamaza," mama mkwe alisema, jicho bado kwenye lenzi. "Nina macho." Kisha akasema, "Rudisha kila kitu kilikotoka."

Ilichukua saa nzima na zaidi. Shemeji alisimama mlangoni akitafuna kucha, na bibi alikaa kwenye kiti cha mwanawe, mikono mapajani, akifuatilia kila kipande kilichotoka na kila kilichoingia. Koleo, amesimama, alifanya kazi safi kuliko aliyowahi kufanya, na alifurahi, kusema kweli. Alifurahi kwa ubaya. Alitaka bibi aone mpaka mwisho.

Saa ndogo iliposimamishwa wima ikatembea, akaigeuza pande zote, ikatembea. Ile kubwa alimrudishia shemeji ikiwa imenyamaza.

"Sasa yangu?" aliuliza shemeji.

"Tangulia nje," mama yake alimwambia, na alipotoka, bibi akaivaa saa yake taratibu, akahangaika na kamba, akakataa kusaidiwa.

"Duka kaa nalo. Sitakuja tena kuliulizia, na huyu hatakuja." Akavuta pumzi. "Lakini mke wa mwanangu, uliweza kunyamaza miezi minane. Ungeshindwa nini kuniambia ni vumbi?"

"Ungenifukuza, mama."

"Ningekufukuza, ndiyo. Ungepata meza kwingine. Mimi nitampata wapi yule mwanangu mwaminifu niliyemzika?"

Alitoka akishika ukuta. Koleo alimtazama mpaka akapotelea nje. Akavuta kiti arudi kwenye kazi. Kilikuwa bado na joto la yule bibi, akashindwa kukikalia.