Funguo Tatu Zisizo na Gari

Siku ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu (baba yako akisikia anisamehe), ni ile niliyochonga funguo tatu zisizo na gari. Nilikuwa msichana, fundi wa funguo pale Geita, kwenye banda la Mzee Lubinza, aliyenifundisha kushika tupa. Nilikuwa hodari, na nilijijua. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Mzee alikuwa na sharti moja ambalo wateja walilichukia: gari lije bandani na kadi yake, na ufunguo ujaribiwe mlangoni yeye akiona. Siku hiyo alikuwa amekwenda msibani Ushetu. Akaja bwana mmoja mpole, viatu vinang'aa, hana hata chembe ya vumbi la machimboni. Alitaka funguo malaya tatu. Nisamehe jina, ndivyo zinavyoitwa mitaani: ufunguo mmoja unafungua pikapu za watu wengi.

"Mafundi wote wameshindwa," akaniambia. "Nimeelekezwa kwako tu, dada."

Nikavimba kichwa. Nilijua kabisa kwamba mwenye gari lake hahitaji ufunguo wa magari ya wenzake, lakini nilichonga hivyo hivyo. Akasema atazifuata kesho yake saa nane mchana.

Asubuhi Mzee akarudi, akazikuta mezani.

"Hizi za gari lipi?"

"Za mteja, babu."

"Nimeuliza gari."

Nikaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alivuta kigoda, akaketi. "Ng'wanawane, mtoto wangu, unadhani kosa ni mpaka gari liibwe? Kutengeneza kifaa cha wizi huku unajua ni kosa. Kukutwa nacho bila sababu ya halali ni kosa. Polisi wakiingia sasa hivi wanaondoka na wewe."

Nikazikwapua zile funguo mezani. Nikataka kuzitumbukiza chooni, akanizuia. "Ukizitupa atakwenda kuchongewa kwingine. Twende ukaseme."

Kituoni nilisema yote, hata lile la aibu, kwamba nilijua. Askari aliandika maelezo yangu, akaniambia naweza kushtakiwa. Nililia mbele za watu, wala sikujificha. Basi saa nane yule bwana alipofika bandani, askari wawili waliovaa kiraia walikuwa wamekaa kama wateja. Alipokea funguo zake akacheka, wakamshika zikiwa mkononi. Begini mwake mlikuwa na vibao vya namba za magari na vyuma vya kuvunjia milango.

Mahakamani alijitetea kwa sauti tamu. "Mheshimiwa, mimi sijaiba gari la mtu." Na kweli, hakuna gari lililokuwa limepotea. Hakimu akamuuliza, basi vitu vile vilikuwa vya kazi gani? Akarudia tu kwamba hajaiba, akatiwa hatiani. Na mimi, mwanangu, nilisimama pale kama shahidi, si mshtakiwa, kwa kuwa nilijipeleka mwenyewe. Tulipotoka, madereva walikuwa wamejaa uani. Mzee Lubinza akanishika mkono mbele yao wote akasema, "Huyu ndiye fundi wangu." Akina mama wakapiga vigelegele. Nilitembea Geita nzima siku ile kichwa juu, na furaha ile ninayo mpaka leo.

Sasa nawe umefungua banda lako huko mtaa wa Kambarage, na kwa mkono umenizidi, nakiri. Watu wa kukusifu watakuja. Mtu akikusifu kabla hujaliona gari lake, weka tupa chini. Usichonge, wala usimhifadhie rafiki mfuko wa vifaa vya wizi hata kwa siku moja, kwa sababu sheria itakuuliza wewe uliyekutwa navyo. Na ukishateleza, usingoje kufuatwa. Nenda mwenyewe, mapema, ukaseme kweli hata kama unalia.

Mungu aibariki mikono yako. Na kila mlango utakaoufungua, mwenyewe awe amesimama ubavuni mwako, akikushukuru.