Nilisema Hazikuganda

Niliona mtu mzima, mwenye kiu ya siku mbili, akikimbia kikombe cha maji.

Kikombe chenyewe cha plastiki, cha kijani, hata hakikujaa. Binti yake alimsogezea mdomoni taratibu, na yule baba akajirusha nyuma mpaka kitanda kikagonga ukuta. Koo lilimkaza. Mate yakamchuruzika kidevuni na hakuweza kuyameza.

"Toa," akasema. "Toa hicho kitu, mwanangu, nakuomba."

Alikuwa fundi viatu wa mtaani kwetu. Na aliyemfikisha kwenye kitanda kile ni mimi.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, mimi ni bibi wa miaka sitini na tisa. Niliishia darasa la saba. Naandika kwa kidole kimoja, miwani yenyewe ina mguu mmoja uliofungwa uzi, kwa hiyo nivumilieni nikianzia mbali kidogo.

Wanafunzi wa chuo kikuu walikuja mtaani kwetu wakiwa sita.

Wengine walikuwa wanasomea udaktari wa watu, wengine wa mifugo, na mmoja alikuwa wa mazingira, kijana mrefu aliyezunguka na futi ya fundi akipima jalala letu. Walisema afya ya mtu, ya mnyama na ya mahali wanapoishi ni kitu kimoja. Ukiacha takataka za machinjio zirundikane, mbwa wanajaa. Mbwa wakijaa bila chanjo, kichaa cha mbwa kinaingia. Kikiingia, ni watu wanaozikwa.

Nikaelewa. Sikuhitaji chuo kulielewa hilo.

Kiongozi wao alikuwa binti mdogo wa mwili, sauti ya juu, anasomea mifugo. Mtaa mzima tulimwita Daktari Mdogo. Ndiye aliyekuja kukagua friji yangu.

Nina friji, ndiyo. Juu friza, chini mlango wa kawaida. Nauza barafu za mifuko na maji baridi. Alifungua, akachungulia, akapitisha kidole kwenye mpira wa mlango.

"Bibi, friji yako ni safi kuliko ya maabara yetu."

Nikacheka mpaka nikaona aibu.

Basi wakaniletea chupa ishirini na mbili za chanjo ya mbwa, ndani ya boksi jeupe. Kila chupa mbwa kumi. Akanionyesha rafu ya katikati.

"Zikae hapa. Zisipate joto. Na zisigande, bibi. Hilo la kuganda ndilo baya zaidi."

"Nimesikia, mwanangu."

"Jumatatu asubuhi tunakuja kuzichukua."

Wakanipa na kadi ya kuvaa shingoni. Imeandikwa MTUNZA CHANJO. Tangu nizaliwe sijawahi kupewa kazi yenye kadi. Nilikwenda nayo sokoni, nikaivaa hata nikichambua mboga. Fundi viatu aliniona akacheka mpaka msumari ukamtoka mdomoni.

"Bibi harusi, sasa umekuwa serikali. Tutakusalimia kwa kupeana mikono kweli, au tuandike barua kwanza?"

Alikuwa ananiita bibi harusi tangu mume wangu afariki. Mimi nilimwita mume wa bure. Tulikuwa na utani wetu, miaka kumi na nne hiyo.

Jumamosi mchana umeme ukakatika.

Nikasubiri. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Nikigusa ukuta wa friji, baridi inapungua. Nikawaza joto. Joto tu ndilo lililonijaa kichwani. Friza bado ilikuwa na mifuko ya barafu migumu kama mawe, nikaona nisichelewe. Nikatoa lile boksi, nikalichomeka katikati ya barafu, nikafunga.

Umeme ulirudi Jumapili alfajiri. Mimi nikajiandaa, nikaenda ibada, nikarudi, nikapika. Boksi nikalisahau hukohuko juu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilifungua friza.

Chupa zote zilikuwa zimeganda. Ukizitikisa hazisemi kitu.

Nikazipanga dirishani kwenye jua, nimezitandikia kitenge. Zilipoyeyuka nikaona ndani mambo yamebadilika. Chini kuna vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika, juu maji matupu. Nikakumbuka chupa za dawa ya kikohozi huandikwa, tikisa kabla ya kutumia. Nikatikisa moja moja, zote ishirini na mbili, mpaka zikawa sawa. Nikazirudisha ndani ya boksi, boksi nikaliweka rafu ya katikati.

Nikajiambia, nyama ikigandishwa si inaliwa? Hata ladha haipotei.

Daktari Mdogo alifika saa mbili na wenzake. Alichukua boksi, akatoka nalo nje peke yake, akakaa kidogo, akarudi. Ana fomu mkononi.

"Bibi, umeme ulikatika?"

"Ulikatika kidogo."

"Chupa ziliganda?"

Aliniangalia moja kwa moja. Kadi yangu iko shingoni. Wenzake watano wamesimama mlangoni, jirani zangu wawili wako nyuma yao wanatazama bibi anavyofanya kazi na wasomi.

"Hazikuganda," nikasema.

"Una uhakika?"

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima."

"Basi weka saini hapa."

Nikaweka. Saini yangu ni jina langu lote, herufi moja moja, sijui kufupisha.

Siku tatu walichanja mbwa mia mbili na kumi na wawili. Kila aliyechomwa alifungwa utepe mwekundu shingoni. Mtaa ulipendeza, hata mimi nilisema. Jumatano wakaja wafadhili, wakapiga picha mbwa wenye tepe, wakapiga picha jalala lililofagiliwa, wakanipiga na mimi nimeshika mlango wa friji.

Zahanati nayo ikapewa utaratibu mpya, kwa sababu sindano za watu walioumwa na mbwa zilikuwa chache. Aliyeumwa na mbwa asiye na utepe achomwe mara moja. Aliyeumwa na mwenye utepe aoshe kidonda, halafu mbwa aangaliwe siku kumi. Mbwa akiwa mzima, mtu ni mzima.

Utaratibu mzuri. Ulikuwa na tundu moja tu, na tundu lenyewe nililitoboa mimi.

Miezi miwili ikapita. Siku moja mchana fundi viatu akaja kwangu ameushika mkono wa kushoto, kitambaa kimelowa damu.

"Bibi harusi, hawa mbwa wako wa serikali nao wanang'ata?"

Mbwa wa kahawia wa kule machinjioni alimrukia akiwa ameinama anashona soli. Fundi hakumchokoza. Mbwa mwenyewe hakubweka.

Nikamuuliza, "Ana utepe?"

"Anao. Mwekundu kama lipstiki."

Nikaziona zile chupa dirishani. Lakini nikavaa kanga, nikampeleka zahanati mwenyewe.

Nesi alimwosha kwa sabuni na maji ya bomba, muda mrefu, mpaka fundi akalalamika kwamba hata maiti haioshwi hivyo. Kisha nesi akafungua kijokofu chake, akatuonyesha.

"Zimebaki sindano za mtu mmoja. Mbwa alikuwa na utepe?"

"Alikuwa nao," fundi akajibu.

Nesi akanigeukia mimi. Alinijua. Picha yangu ilikuwa imebandikwa pale ukutani kwake.

"Mama mtunza chanjo, zile dawa zilikaa vizuri? Maana nikimchoma huyu, akija mtoto kesho sina kitu."

Hapo ndipo, wajukuu zangu.

Kama kuna mahali Mungu alinifungulia mlango mpana kabisa ni pale, kwenye benchi la zahanati, saa saba na nusu mchana. Maneno mawili tu. Ziliganda, nikaficha. Nesi angemchoma. Mimi ningevuliwa kadi, ningechekwa mwezi mzima, basi.

Nikasema, "Zilikaa vizuri."

Fundi akanipiga bega. "Si unaona? Mke wangu hababaishi."

Siku kumi tulimwangalia yule mbwa. Kila jioni napita jalalani, namwona mbwa wa kahawia mwenye utepe amejilaza, anajilamba. Namwambia fundi, yuko mzima. Siku ya kumi tulinunua soda tukanywa.

Baadaye sana, mchinjaji mmoja akatuambia kwamba mbwa wa kahawia aliyekuwa mkali, yule wa mkia mfupi, alikutwa amekufa kwenye mtaro siku ya pili tu baada ya kumng'ata fundi. Tulikuwa tumemwangalia mwingine. Wa kahawia walikuwa wengi, na tepe zote zilikuwa nyekundu.

Wiki ya sita, fundi alianza kulalamika kovu linamwasha kwa ndani. Akajikuna na kisu cha kukatia ngozi. Siku iliyofuata hakulala. Iliyofuata, upepo wa feni ukawa unamtia kwikwi. Iliyofuata ndiyo ya kikombe.

Nilimuuliza nesi kama sasa anaweza kumchoma.

"Mama, ikishafika hapa hakuna sindano. Si kwetu, si hospitali kubwa, si popote. Tunamtuliza tu."

Nilikaa naye. Kuna saa akili ilikuwa inamrudi, safi kabisa, na hizo ndizo zilikuwa mbaya zaidi.

"Bibi harusi," akaniambia, sauti imekauka, "kuna viatu vya yule mwalimu chini ya meza. Gundi bado. Mwambie asivae."

"Nitamwambia."

"Na wewe usilie. Utanichafulia jina, watasema tulikuwa kweli."

Alifariki siku ya nne baada ya ile ya kikombe, mchana, amefungwa mikono kwa shuka ili asijiumize.

Msibani binti yake alinishika mikono yote miwili. "Bibi, ahsante. Wewe ndiye uliyempeleka baba zahanati siku ile. Wengine wangemwacha."

Nilitaka ardhi inimeze. Haikunimeza. Ardhi haina haraka na watu kama mimi.

Wanafunzi nao walikuja kutoa pole. Nikamvuta Daktari Mdogo nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo.

"Mwanangu, nina jambo. Zile chupa ziliganda. Zote. Mimi nilikudanganya."

Nilingoja ashtuke. Hakushtuka. Aliangalia chini, akaanza kuchezea kibanio cha nguo kwenye kamba.

"Najua, bibi."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu asubuhi ileile. Ndani ya boksi kulikuwa na kipimo kinachoandika baridi kila saa. Nilikisoma pale nje kabla sijakuuliza."

Sikuelewa. Ikabidi nimuulize tena, polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Sasa kama ulishaona, uliniuliza nini?"

"Nilitaka useme ndiyo." Machozi yakamshuka. "Ungesema ndiyo, mbele ya watu wote, ningelazimika kusimamisha. Wafadhili walikuwa wanakuja Jumatano. Chanjo nyingine haikuwepo. Mwenyewe sikuwa na ujasiri. Uliposema hapana, nikaichukua hapana yako. Kipimo nikakifuta."

Tulisimama pale wawili, msomi na asiye msomi, kila mmoja alikuwa amemtwika mwenzake ukweli aubebe, na hakuna aliyeubeba.

"Twende tukaseme," nikamwambia.

"Bibi, nahitimu mwezi ujao. Na mradi umepelekwa mitaa mingine mitatu."

Hakuja. Sijamwona tena.

Nikaenda peke yangu ofisi ya mtaa. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea kiti, kisha akatoa faili.

"Bibi, ripoti imeshasomwa mpaka huko juu. Mbwa mia mbili na kumi na wawili wako salama. Wewe una karatasi gani?"

"Sina karatasi. Nina mdomo."

"Mdomo ulishasema hazikuganda. Hii hapa saini yako, tena jina zima." Akafunga faili. "Msiba umekuchanganya. Nenda kapumzike, mama yangu."

Nikarudi zahanati. Nesi alinisikiliza, akaibandua picha yangu ukutani. Lakini utaratibu hakuutunga yeye, na sindano bado ni za mtu mmoja.

Nikaona isiwe tabu, nikachukua mkasi. Nimekata tepe kumi na moja mpaka sasa. Siku ya pili vijana waliniona, wakaninyang'anya. Mbwa asiye na utepe hupigwa risasi na watu wa manispaa, wakasema bibi anataka kuwaulia mbwa wao. Mmoja alichukua tepe zangu akazifunga upya kwa mbwa wale wale.

Jalala limerudi. Mbwa wameongezeka. Wengine wachanga wanavalishwa tepe za waliokufa, wanapendeza.

Jana mtoto wa jirani, ana miaka mitatu, alikuwa amemlalia mbwa kwenye kibaraza, mkono wote mdomoni mwa mbwa. Nikamwambia mama yake amtoe, na akiumwa asikubali kuambiwa habari ya utepe, aoshe kwa sabuni na aende kudai sindano siku hiyohiyo.

Akacheka kwa heshima. "Bibi nawe. Si mliwachanja wenyewe? Ulituambia mwenyewe wako salama."

Ndicho nilichopata, nami nawaachia. Ukiharibu kitu cha watu, sema palepale, aibu ikiwa bado inatosha kwenye kiganja. Ukichelewa, utakuja kusema kweli yote, kwa sauti, mlango kwa mlango, na watakukatalia kwa maneno yako mwenyewe.