Mkwe Aliyetokea Dirishani

Mnisamehe, kisa hiki kinataka msimulizi wa kuruka, nami kwa tumbo hili nitakiharibu.

Juzi, katika ofisi ya uhamiaji Busia, mkulima wa Mukuju alikuwa akimwombea mkewe, binti wa upande wa Kenya, kibali cha kuishi Uganda. Walioana kimila, cheti hawana. Bila kibali, bibi angerudishwa kwao siku hiyo hiyo.

"Mwongo wewe!" karani akasema. "Shahidi wa ndoa yuko wapi?"

"Mama yangu yuko nje," bibi akajibu.

"Aingie!"

"Bwana karani, ngoja!" mume akalia. "Mlango ni mmoja tu!"

Mama alipotia mguu ndani, jamaa akajifunika uso kwa kofia, akarukia dirishani, kiatu kimoja kikabaki. Mama naye akageukia ukuta, leso usoni, maana kimila chao mkwe na mama mkwe hawaonani uso. "Mkwe ameshatoka?"

Karani akacheka hadi akamwaga wino. "Anayemkimbia mama mkwe namna hii ameoa kweli!" Akagonga muhuri. Sisi wa foleni tukashangilia, bibi akatoka akipunga kibali na kiatu.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na cheti cha kanisa, lakini nikanyimwa. Kosa ni langu: niliingia nimeshikana mkono na mama mkwe.