Friji Iliyogoma Mteremkoni

Ka! Ka! Ka! Nilikuwa bado kitandani, na mlio ule ulipita dirishani kama mtu anayegonganisha meno. Sikuhitaji kutoka nje ili kujua: tata, baba yangu, alikuwa tena ndani ya gari, akibofya kitufe cha kuwasha gesi ya friji.

Gari lile alilinunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza kazi mgodini na kurudi kwao. Lina kitanda, jiko, na friji ndogo inayotumia umeme wa nyumba, betri ya gari au gesi. Tata hupenda kila kitu chenye njia tatu za kukosea.

Lakini juma lile halikuwa la kuchezea. Dada mkubwa wa mama alikuwa amefariki Sandoa, na mama alitaka kwenda kwenye matanga, kisha abaki na watoto wa marehemu hadi mvua ziishe. Mama anajidunga insulini, dawa inayoharibika bila baridi, na nyumba ile haina umeme. Friji ikipoa, anakwenda na gari linabaki naye. Isipopoa, atamlilia dada yake hapa Kolwezi, sebuleni kwetu.

Na haikupoa. Umeme wa nyumba ulikatika kabla hatujajua kama unafaa. Betri ilichoka. Gesi iliwaka, mwali wa buluu uliosimama kama mshumaa wa Pasaka, na ndani ya friji nyanya zetu za majaribio zilibaki na joto la sokoni.

"Iko vumbi," tata alisema. Tukafuta vumbi jekundu kwenye bomba la moshi.

"Iko gesi mubaya." Tukabadilisha mtungi.

"Basi iko weye, unafungua-fungua mulango."

"Tata, nisipofungua nitajua aje kama imepoa?"

"Utangoja."

"Na matanga itamungoja mama?"

Mama alikuwa amesimama kizingitini, kitenge cha msiba kiunoni. "Mubishane tu. Mi niko nabasikia. Marehemu alikuwa na roho pole kupita nyinyi babili."

Nikaufungua tena mlango wa friji, kwa hasira. Friji inatazama mbele, kwenye kiti cha dereva. Nyanya zikamiminika na kunigonga magotini, kama zilivyofanya kila mara tangu asubuhi. Niliinama kuziokota huku nikilaani kimoyomoyo, ndipo nikajiuliza kwa nini hazikai mahali pake.

Gari lilikuwa limeinama. Bila shaka lilikuwa limeinama! Starta ilikufa zamani, na tata, kama madereva wengi wa mtaa wetu, huegesha mteremkoni, pua ikitazama chini, ili akiachia breki gari lijiendee na kuwaka. Tulikuwa tumeuzoea mwinamo ule hata hatukuuona. Na friji ya namna ile haina mota. Dawa yake ya kupoza hutiririka yenyewe kwenye mabomba ya nyuma, na friji ikiinama hukwama.

"Tuipeleke fasi ya sawa," nilisema, nikionyesha tambarare kule chini.

"Fasi ya sawa itawaka na nini?"

"Batatusukuma."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali barabarani. Miaka yote ya mgodini, na ya pensheni pia, gari la tata halikuwahi kusukumwa mbele ya majirani. Na ng'ambo ya barabara wamepanga wachimbaji vijana, watu wa kila pembe ya nchi, ambao midomo yao haina likizo.

Alimtazama mama. Akaachia breki. Gari likateremka kimya hadi penye tambarare, mbele ya lango la wale vijana.

Kesho yake nyanya ziliuma vidole kwa baridi. Mama akapanga dawa zake ndani ya friji, na tata akaenda langoni kwa wale vijana.

"Bana bangu, munisaidie kusukuma."

"Eh, tata wa muteremuko! Leo kilima imekimbia?"

"Cheka, lakini sukuma."

"Na kule Sandoa, nani atakusukuma?"

"Bashemeji. Na bao pia bacheke."

Vijana wakainama nyuma ya gari. Mama akapanda, akaketi karibu na friji yake, akauvuta mlango wa gari kwa mikono miwili, maana haujui upole, na ukajifunga kwa kishindo.