Mkono Alioomba Dozi

Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti. Mawingu mazito tangu alfajiri, mvua hakuna. Jua lilipojitokeza kidogo, upepo ukaanza kupeperusha vumbi la zizini na kuliingiza hadi jikoni.

Mwanamke aliyekuwa akifuta vumbi hilo mezani kila lilipotua ni yule ambaye wafugaji wote wa upande huu humwita Dozi. Anauza dawa za mifugo mjini, na jina hilo amelipata kwa tabia yake ya kutoiachia chupa mpaka mteja amrudishie maelekezo kwa mdomo wake mwenyewe.

"Asubuhi kifuniko kimoja, jioni kimoja. Ya nani?"

"Ya ndama."

"Siyo yako?"

"Siyo yangu, mama, nipe niende."

Ndipo huiachia. Wapo wanaoudhika, lakini wengi hucheka, maana aliwahi kutokea mtu aliyejitibu tumbo kwa dawa ya minyoo ya ng'ombe, na habari zake hazijaisha mpaka leo.

Jiko hilo lilikuwa la nyumba alikozaliwa. Baba yao alipofariki, ranchi ilibaki mikononi mwa mdogo wake wa kiume. Yeye alikuwa ameshaolewa mjini, baadaye akafiwa na mume, akaajiriwa dukani. Nyumbani alikuja mara chache, na kila alipokuja alileta sukari na maneno mengi. Safari hii alikuja na nguo alizovaa tu, kwa kuwa Jumapili mdogo wake alianguka na farasi.

Alikuwa akimrudisha ng'ombe dume aliyepenya uzio. Farasi aliteleza kwenye ukingo wa korongo, wakaenda chini wote wawili. Mguu wa mpandaji ulinasa kwenye kikuku cha tandiko, na farasi alipoinuka kwa hofu alimburuta juu ya mawe. Mbavu zilivunjika, na nyonga nayo ikavunjika vibaya. Daktari alisema nyonga ifungwe vyuma kabla ya wiki kwisha, la sivyo mfupa utaunga upande, na mtu huyo asahau farasi, pengine asahau hata kutembea bila fimbo. Hospitali nayo ilitaka malipo ya awali ndipo wamwingize chumba cha upasuaji.

Fedha ilikuwepo, ila ilikuwa na miguu minne na ilikuwa inakula majani mlimani. Maksai walionona walikuwa wameshapatiwa mnunuzi tangu mwezi uliopita, bwana mmoja anayeitwa Kilo kwa jinsi anavyogombania kila kilo kwenye mizani. Lori lake lilitarajiwa Alhamisi asubuhi. Kazi ilikuwa kuwashusha maksai wale mpaka kwenye njia ya kupakilia, na mtu aliyewashusha kila mwaka sasa alikuwa amelala chali, haruhusiwi hata kugeuka.

Kwa hiyo Dozi alifanya kile ambacho baba yao angefanya. Aliomba mkono. Kwa wafugaji wa huku, kuomba mkono ni kumwita mtu aje yeye mwenyewe na farasi wake, afanye kazi ya asubuhi moja, anywe chai, aende zake. Hakuna malipo. Siku nyingine utaitwa wewe. Aliandika kwenye kundi la simu la wafugaji: "Ndugu zetu, kaka amepata ajali mbaya ya farasi. Familia inaomba mkono, Alhamisi, hapa nyumbani." Aliusoma ujumbe huo tena na tena kabla ya kuutuma, kama anavyosoma karatasi ya chupa.

"Wifi, mbona hakuna aliyejibu?" aliuliza mke wa mdogo wake. Alikuwa ametoka hospitalini asubuhi hiyo kufuata shuka safi, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Wamejibu, wifi. Si hivi hapa? Wameweka vile viganja viwili vilivyounganishwa."

"Viganja vyote hivyo ni vya kuja na farasi?"

"Wafugaji hawana mkono wa kuandika. Kiganja ni ndiyo."

Mke yule hakucheka. Aliegemea dirisha akatazama getini, ambako pikapu ya dalali ilikuwa imeegeshwa tangu jana. Dalali huyo alikuwa tayari kuwachukua ng'ombe wenye mimba, wote, na kulipa papo hapo, kwa bei ambayo hata yeye aliitaja huku akitazama pembeni.

"Nimpe tu, wifi. Nimpe, mume wangu akatibiwe."

"Wale ndio ndama wa mwakani na maziwa ya watoto. Ukiwatoa, kaka atasimama, sawa. Atasimama achunge nini?"

"Na Kilo asipokuja?"

Dozi alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Atakuja."

"Wifi, nakupa mpaka jioni. Jioni ikifika sina uhakika, nafungua geti."

Mchana magari yalianza kuingia. Dozi alitoka mbio huku akijifunga khanga vizuri kiunoni, na moyo wake ulianza kutulia. Kisha akayatazama vizuri. Hapakuwa na farasi hata mmoja. Jirani wa ng'ambo ya mto, mtu mnene ambaye kila mtu humwita Bwana Lijamu, alishuka akiwa amevaa koti jeusi lililombana kwapani. Mkewe alibeba mfuko wa unga kichwani. Nyuma yao wakaja wengine, taratibu, vichwa chini, na mama mmoja akaanza kulia kabla hajafika barazani.

"Poleni sana," Bwana Lijamu alisema, akimsukumia Dozi bahasha kwa mikono miwili. "Mungu amlaze mahali pema."

"Mahali pema wapi? Amelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani."

Bwana Lijamu aliirudisha bahasha kifuani. Mama aliyekuwa akilia alinyamaza katikati ya kilio, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo siyo chake.

"Lakini si mliomba mkono wa pole?"

"Niliomba mkono! Wa pole umetoka wapi?"

Ilimbidi Bwana Lijamu aeleze, na alivyoeleza jasho lilimtiririka shingoni. Mtu akiandika ajali mbaya, na familia, na mkono, na siku ya kukutana nyumbani, yeye angeelewa nini? Alimpigia shemeji yake akamwambia wameomba mkono wa pole. Shemeji akamwambia mwingine. Kufikia jana usiku kila mtu alikuwa anauliza mazishi ni lini, wakaona wasingoje Alhamisi, waje kuhani leo.

"Wewe Lijamu," mkewe alimwambia kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, "unasoma nusu, nusu nyingine unaipika mwenyewe."

Watu wawili watatu walianza kucheka, wakaziba midomo. Dozi hakucheka. Jambo moja lilikuwa limemjia. Kama habari imefika kote, imefika na kwa Kilo.

Alipiga simu. Kilo alipokea kwa sauti ya msibani.

"Dada yangu, pole. Nimesikia. Lori nimeshalielekeza kwingine."

"Kaka hajafa!"

"Dada, nakuelewa. Uchungu ndivyo ulivyo."

"Yu hai, Kilo! Amevunjika nyonga!"

"Sikiliza. Mimi niliwahi kununua ng'ombe wa marehemu. Nikalipa, nikapakia, ndugu wakatokea na barua ya mahakama. Mpaka leo kesi inanitafuna. Mali ya marehemu sigusi mpaka warithi wakae. Nisamehe."

Mke wa mgonjwa alikuwa amesikia yote. Alivua kandambili za ndani, akavaa viatu vya nje, akaanza kuelekea getini. Dozi alimshika kiwiko.

"Nipe simu yako, wifi."

"Ya nini?"

"Nipe. Jioni bado."

Aliziweka simu mbili juu ya meza ya jikoni, zimeelekezana, sauti zote za juu. Moja ilikuwa na Kilo, ambaye Dozi alimbembeleza asikate. Kwa nyingine alimpigia nesi wa wodi ya wanaume. Nesi alisema mgonjwa amechomwa sindano ya maumivu, amesinzia, asisumbuliwe. Dozi akasema kwa adabu yote aliyonayo kwamba asiposumbuliwa sasa hatapata hela ya vyuma. Kulikuwa na mburuzo wa viatu, pazia likavutwa. Watu walikuwa wamejaa mlangoni mwa jiko.

"Mm," ikasema simu.

"Kaka. Kilo yuko hapa anasema umekufa. Ongea naye."

Pumzi tu. Kisha, kwa mbali, "Sijafa."

"Huyo siye," Kilo akasema kutoka simu ya pili. "Yule namjua, huongea kama anaita ng'ombe mlima wa pili. Dada, umeniwekea binamu."

Dozi alizika uso viganjani. Kisha sauti ile ile dhaifu ikaanza tena, neno moja moja.

"Kilo. Mwaka jana. Dereva wako alitia buti chini ya mizani. Nikamwambia atoe buti. Ukasema ni jiwe. Jiwe gani lina kamba, wewe mwizi?"

Upande wa pili kicheko kikalipuka mpaka simu ikatikisika juu ya meza.

"Ni yeye! Haki ya Mungu ni yeye! Maiti gani inatukana hivi?"

"Usinichekeshe," mgonjwa akasema, "mbavu zenyewe zimevunjika kweli."

Kilo alipomaliza kucheka alirudi kuwa mfanyabiashara. Lori atalirudisha, lakini asubuhi na mapema, maana limeshaahidiwa kwingine baada ya hapo. Likikuta njia ya kupakilia tupu, halitazima injini.

"Nani wamejaa hapo?" mgonjwa aliuliza. "Nasikia watu wanapumua."

Walitazamana. Bwana Lijamu akasogeza mdomo karibu na simu kama anayeinamia kisima. "Ni sisi, bwana. Tumekuja kukuzika."

"Bila farasi?"

Hapo jiko zima lilicheka, isipokuwa wifi wawili. Mgonjwa naye hakuendelea. Alikuwa mtu asiyependa kuomba hata kiberiti, na dada yake alijua kimya hicho kilikuwa cha aibu. Nesi akachukua simu, akakata.

Baada ya hapo mambo hayakunyooka kama kicheko kilivyoahidi. Mmoja alisema farasi wake amechubuka mgongo. Mwingine alikuwa ameacha kazi kuja msibani, kesho hawezi kuacha tena. Mama aliyelia alikuwa amenuna. Alisema mtu hawezi kumtoa machozi bure. Dozi alisimama getini wakati wanaondoka, akamzuia kila mmoja.

"Kesho unakuja na nini?"

"Na farasi, Dozi."

"Siyo unga?"

"Siyo unga."

"Saa ngapi?"

"Kabla jua halijatoka. Niachie basi geti."

Wengine walijibu kwa kutazama usukani. Bwana Lijamu alijibu kwa sauti kubwa mno, jambo lililomtia Dozi wasiwasi zaidi. Wa mwisho getini alikuwa dalali, ambaye hakuwa akiondoka. Aliteremsha kioo cha pikapu yake.

"Mimi nipo tu, mama. Sina haraka."

"Wifi," mke wa mgonjwa alisema jikoni jioni hiyo, "jua linazama. Nilikupa mpaka jioni, na wewe hujui ni wangapi watakuja."

"Sijui," Dozi alisema. "Niongezee asubuhi. Lori likigeuka tupu, geti nitalifungua mwenyewe."

Mke aliketi, akashika tama, akatazama viatu vyake vya nje. Hakuvivua, ila hakuinuka tena. Wala hakuna aliyelala. Kila mmoja alisikia kitanda cha mwenzake kikilia.

Asubuhi yake, Alhamisi, ukungu ulikuwa umefunika mlima wote. Dozi alivaa mabuti ya mdogo wake, akayajaza vitambaa mbele, akaenda kusimama kwenye njia ya kupakilia. Lori lilifika kwanza, Kilo akiwa ameketi mbele na dereva. Dereva hakuzima injini. Dozi alipanda ngazi ya lori, akaingiza mkono dirishani na kuzima injini mwenyewe, akauchomoa ufunguo na kuukamata mkononi huku dereva akimtukana. Walikuwa bado wanabishana mbao za uzio zilipoanza kutetemeka. Maksai walitoka kwenye ukungu kwa mkupuo, na nyuma yao wapanda farasi wanne, Bwana Lijamu akiwa wa mwisho, koti jeusi bado mwilini. Walikuwa wachache kuliko walioahidi. Walitosha.

Dozi alimrudishia dereva ufunguo maksai wa mwisho alipopakiwa, kisha akapanda kukaa katikati yake na Kilo. Mizanini alishuka, akainama, akapapasa chini ya bamba kwa mkono mtupu mpaka pembe zote nne, ndipo akaruhusu wapime, na Kilo akamlipa hapo hapo. Mjini hakukubali wasimame kunywa chai. Alishuka mlangoni mwa hospitali na mabuti yale yale yenye samadi, akapanga foleni kwenye dirisha la malipo, akalipa, akaipeleka risiti wodini na kumkabidhi nesi. Kisha akaketi nje ya chumba cha upasuaji, karibu na wifi yake aliyemfuata kwa gari la Bwana Lijamu, na wote wawili wakautazama mlango.