Siku Niliyomtaja Baba Mkwe kwa Jina

Mwaka 1997 nilimwita baba mkwe wangu kwa jina lake, kwa kelele, mbele ya watu, daktari akiwa ameshika kisu.

Kwetu Kibondo, mke akifanya hivyo anafungashiwa virago.

Nilikuwa na miezi saba tu ya ndoa. Mkwe wangu, Mzee Ndayiragije, alikuwa mtaalamu wa dawa ya usingizi kwenye hospitali ndogo, njia ya kwenda Kasulu. Mimi, na diploma yangu mbichi ya uuguzi, nikapangiwa kujifunza kazi hiyo chini yake.

Nilimwita Data, yaani baba. Kwetu mkamwana hatamki jina la mkwe, hamkatizi, hamkodolei macho. Basi.

Daktari Khatibu, mtu wa pwani mwenye ulimi mkali, alikuwa na daftari. Kila baada ya upasuaji alinipa alama. Si za kujua dawa. Za kuangalia, kusema na kuhakikisha umesikiwa.

"Bibie Kezia, kusema: sifuri tena. Unaongea na dari? Mwite mtu jina lake, mwambie unachokiona!"

Jina lake? Thubutu!

Jumanne asubuhi akaletwa Ininahazwe kutoka Murungu, siku ya pili ya uchungu, mtoto amekwama.

Kabla hajalala akanishika kidole. "Dada, nyumbani nimeacha watatu."

Data akamlaza. Akapitisha mpira wa hewa kooni, akabana mfuko wa kusukuma hewa, akasikiliza kifua kwa kipimo cha masikioni.

"Hewa inaingia. Anza, daktari."

Mimi nikatazama kifua. Kimetulia kama meza.

Ila chini ya mbavu, kila mfuko ukibanwa, tumbo linapanda.

Mpira ulikuwa umeingia njia ya chakula.

Mawe, mama yangu!

"Data," nikanong'ona ndani ya barakoa, "labda tuangalie tena..."

Hakugeuka.

Midomo ya Ininahazwe ikaanza kuwa ya zambarau.

"Data, samahani..."

Akaendelea kubana mfuko. Nikajua amekasirika. Nikaona nguo zangu zikitupwa nje, mume wangu Moses akiangalia chini.

Khatibu akanyoosha mkono, akapewa kisu.

"NDAYIRAGIJE! Mpira uko tumboni! Utoe!"

Nikanyoosha kidole kwenye tumbo la mama.

Mzee akageuka, macho yamemtoka. Akatazama tumbo. Akauchomoa mpira, akampulizia hewa kwa mfuko kupitia kinyago cha uso, akaupitisha upya.

Kifua kikapanda.

Midomo ikarudiwa na rangi taratibu, taratibu mno. Baadaye mtoto wa kike akalia. Mimi nilikuwa nimejikojolea, na sioni haya kusema.

Kule nyuma, kwenye karo la kufulia, Data akanifuata. Nikapiga magoti.

"Data, nimekukosea..."

"Inua uso, mwanangu. Nikiona midomo ndiyo naelewa."

Nikadhani ananidhihaki.

"Sisikii, ila kelele kubwa," akasema. "Tangu mwaka juzi. Kile kipimo nakiweka masikioni kama pambo. Nyumbani nasoma midomo yenu. Mkivaa barakoa, nimekwisha. Niliogopa nikisema watanitoa kazini."

Kumbe hakuwa amekasirika! Hakusikia hata "Data" moja.

"Leo nilisikia kelele tu, nikaona kidole chako. Ulisemaje?"

Ningeweza kudanganya.

"Nilikutaja jina, Data."

Mimi nikasubiri kofi.

Akakivua kipimo shingoni, akaenda mwenyewe ofisini kwa Khatibu, akamweleza yote. Mlango ukiwa wazi. Na mimi nyuma yake. Virago sikufungashiwa.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mimi niliogopa kusema, yeye aliogopa kusema, na katikati yetu mama wa watoto watatu alikuwa anakata roho kwa ajili ya adabu na woga wetu. Uliye chini, ukiona, paza sauti. Uliye juu, kama kuna kitu kimekuharibikia, kiseme ungali hujaua mtu.