Kondo la Mdogo Wangu Halikupanda Meli

Juzi mke wa mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike hapa Mwanza. Muuguzi akatoka, akatupa hongera, halafu akauliza kama tunalichukua kondo la nyuma au walitupe wao. Mdogo wangu hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Tupeni tu, dada," akasema. Muuguzi akarudi ndani, na mambo yakaishia hapo. Mimi nilibaki pale kwenye benchi nimefura kwa hasira ambayo sikujua hata nimpelekee nani. Kuamua ni juu yao, mtoto ni wao. Lakini kati ya watu wote wa ukoo wetu, huyo ndiye aliyesema tupeni! Huyo ambaye kondo lake mwenyewe lilitaka kutuvunjia nyumba! Yeye hakumbuki, alikuwa analala na kunyonya. Ngoja basi nikusimulie wewe, rafiki yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la tatu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mabatini, katika nyumba iliyokaa juu ya jabali kama kuku anayeatamia. Asubuhi niliamshwa na wanawake waliokuwa wakigonga kokoto upande wa chini, ko-ko-ko, kabla hata jogoo wa mama mwenye nyumba hajamaliza kuwika. Jioni mtaa mzima ulinuka mapanki, yale mabaki ya sangara, vichwa na mifupa, baada ya viwanda kuchukua minofu yao na kuipeleka Ulaya. Usinicheke, mapanki yaliyokaangwa yakakauka yalikuwa matamu, na ukipata kichwa chenye nyama shavuni ulikuwa umekula kama mbunge.

Mama aliuza mitumba ya watoto. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuzianika juu ya jabali zile fulana na soksi ndogo alizozifua, na kuziwekea vijiwe zisipeperushwe na upepo wa ziwani. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo, mpaka soko lilipofunguliwa, nguo za nje zikaja kwa marobota, na kiwanda kikaanza kupunguza watu. Wakampunguza na yeye. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa ovaroli yake ya kazini, safi, imepigwa pasi. "Mama yenu anauza kilichonifukuza kazi," alikuwa akituambia. Na mama, bila kugeuka, alikuwa akimjibu, "Ndicho unachokula."

Bibi, mama yake baba, alikuja kwa meli kutoka Kagera wiki moja kabla mama hajajifungua. Nilimpenda bibi kupita kiasi. Alishuka na mkungu wa ndizi, senene, wale panzi wa kwetu, waliokaangwa, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kahawa ya kutafuna aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Nikamwamkia kwa kupiga goti, "Shikamoo bibi," naye akaniitikia "Marahaba" huku akinipapasa mbavu kuona kama ninakula. Alipoliona jabali letu alisimama, akaligonga kwa kisigino. "Mawe! Hapa mnapanda nini?" Baba akacheka kwa aibu. Bibi hakucheka.

Alikuwa amekuja kwa mambo mawili, na hakuyaficha. La kwanza ni kumpokea mjukuu. La pili ni kuturudisha sote nyumbani. Alisema mji umetushinda, kiwanda kimekufa, na kibanja cha babu, shamba lake la migomba, kilikuwa kikiota magugu huku mwenye nacho anakalia kigoda kwenye nyumba ya watu. Baba aliinamisha kichwa. Niliona kabisa kwamba ameshakubali, anasubiri tu mtu mwingine atamke. Mama alikuwa anachambua mchele, tumbo limemfika magotini, na hakusema neno. Wanaomjua mama wanajua kwamba akinyamaza hivyo, jambo halijaisha.

Kwetu, mtoto akizaliwa, kondo lake halitupwi. Linazikwa kibanjani chini ya mgomba, la mtoto wa kike chini ya mgomba wa ndizi za kupika, la wa kiume chini ya mgomba wa ndizi za pombe. Mimi wangu niliujua. Kila likizo bibi alinipeleka nikausalimie, na mkungu wake ukikomaa, mtu wa nje haonjeshwi. "Palipo na kondo la mtu," bibi alikuwa akisema, "hapo hafukuzwi." Kwa hiyo mama alipopata uchungu asubuhi moja, bibi alikwenda naye hospitali na kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na jani la mgomba alilokuja nalo kutoka Kagera.

Alitusimulia mwenyewe aliporudi. Muuguzi alimwambia kwamba pale makondo yanatupwa shimoni, ndio utaratibu. Bibi akamuuliza, "Na lako mwanangu lilitupwa shimoni?" Muuguzi, mama wa Kisukuma wa makamo, akacheka, kisha akaacha kucheka. Baada ya muda kidogo akamletea kifurushi. Bibi akaja nacho Mabatini kwa miguu, kikapu kichwani, akisalimiana na watu njiani kama ametoka sokoni.

Nyumbani alilisuuza, akalipaka chumvi nyingi, akalifunga kwenye lile jani, akaliweka ndani ya chungu chenye majivu. Kifuniko akakizibia kwa udongo. Chungu kikaingia uvunguni mwa kitanda cha mama, na mimi nikapewa kazi ya kukilinda na paka wa mama mwenye nyumba. Jamani, nililinda! Nilikaa pale na mwiko mkononi mpaka miguu ikafa ganzi. Bibi alisema meli ya Jumamosi ataondoka nacho, akalizike kondo la mvulana wetu panapostahili, nasi tutafuata shule zikifungwa.

Ijumaa mama alimwita bibi chumbani. Nilikuwa pale pale sakafuni na mwiko wangu.

"Mama," akamwambia, "nakuomba radhi. Hilo kondo halipandi meli."

Bibi akaweka chini kikombe cha uji. "Halipandi?"

"Halipandi. Mtoto kazaliwa Mwanza, litazikwa Mwanza."

"Utalizika wapi? Kwenye jiwe la watu?"

Mama mwenye nyumba, Msukuma aliyemwita kila mama mayu, alikuwa anasikiliza mlangoni bila kujificha, akadakia, "Hapa kwangu sikatai mayu, ila hata choo tulichimba kwa tindo miezi miwili!"

"Nina kiwanja Buzuruga," mama akasema.

Baba akainuka kwenye kigoda. Hakuwa akijua. Hakuna aliyekuwa akijua. Mama alikuwa amekinunua kwa fedha za mitumba kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa akilima mihogo kule, karatasi zimesainiwa kwa mjumbe, na alikuwa amezishonea ndani ya mto aliokuwa akiulalia. Baba akamgeukia. "Umenificha?" Na mama, akiwa amempakata mtoto, akamjibu, "Ningekwambia, ungeniambia haiwezekani. Mimi sikuwa na nafasi ya kusikia haiwezekani."

Wakaanza kurushiana maneno. Baba alisema amedharauliwa ndani ya nyumba yake. Mama akamuuliza nyumba gani. Hapo bibi akagonga kikombe chini, wakanyamaza wote wawili, akaagiza apelekwe akakione hicho kiwanja.

Nilikwenda nao, bibi na baba, kwa miguu. Siku hizo Buzuruga haikuwa hii ya stendi na makelele. Ilikuwa mihogo, vichuguu, na nyumba chache zilizoachana. Bibi alizunguka kiwanja chote, akachota udongo, akaunusa, akausugua viganjani. Udongo wenyewe ulikuwa wa kichanga. "Mgomba uko wapi?" akauliza. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. "Basi hapa hapazikwi kitu," akasema, akageuka kurudi.

Jumamosi bibi akapanda meli. Lakini alipofunga mizigo yake, chungu alikiacha uvunguni. Hakueleza. Alimwambia mama, "Usikifungue," basi, akatoka bila kumbusu mtoto. Nilimsindikiza hadi bandarini nikilia njia nzima, nikijua kwa akili yangu ya miaka tisa kwamba bibi ametususa, na kosa ni la mama. Nilimchukia mama siku zile. Ninasema hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpelekea maji ya kuoga bila kumtazama, nikarudi kukaa na chungu changu.

Siku zikapita, tatu, nne. Baba na mama walizungumza kupitia kwangu: mwambie mama yako, mwambie baba yako. Mama mwenye nyumba akaanza kuvuta pua, akiuliza kama tumeficha samaki. Mtoto bado hakuwa na jina, maana jina alitakiwa kulitoa bibi. Kila jioni mama alikung'uta vumbi juu ya kile chungu kwa kitambaa safi, kisha akarudi kunyonyesha. Hakuwahi kuniambia kwamba ana wasiwasi. Lakini nilimwona akihesabu siku kwa vidole.

Wiki ilipotimia, asubuhi, tukasikia mama mwenye nyumba akipiga kelele uani, "Mwangaluka mayu! Umerudi na nini hicho?" Tukatoka. Bibi alikuwa amesimama juu ya jabali, ametota jasho, na begani kwake kulikuwa na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na mche wa mgomba, na mizizi yake imebeba bonge la udongo mweusi wa kibanjani.

Hakukaa hata kunywa maji. Alimwendea baba pale kwenye kigoda, akambwagia lile gunia mapajani. "Nimeuchimba kwenye mgomba wako," akamwambia. "Ule wa kondo lako wewe. Sasa kaa na huo, au inuka."

Baba akalia. Ovaroli ile iliyopigwa pasi ikajaa udongo wa kwao, naye akalia mbele ya wapangaji wote, wala hakujificha. Kisha akainuka, akaazima jembe kwa jirani, na tukaenda Buzuruga sote, hata mama, ingawa alitakiwa kubaki ndani. Bibi alipomwambia abaki, mama alikuwa ameshavaa kandambili.

Baba alichimba. Bibi akafungua chungu mwenyewe, akaliweka kondo upande wa kitovu ukitazama juu, polepole, kwa mikono miwili, maana likipinduka mama hazai tena. "Hata likipinduka, mama, nimeshachoka," mama akasema, na bibi akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu ashuke meli mara ile ya kwanza. Juu yake wakapanda mche na udongo wake. Bibi akamshika mtoto, akampa jina la babu. Halafu akamgeukia mama. "Sijakubali," akasema. "Lakini mtoto hana kosa."

Baba hakukirudia tena kigoda. Alianza na chumba kimoja cha matofali ya udongo palepale Buzuruga, akafungua karakana ya kutengeneza vyerehani, na tukahama Mabatini kabla mdogo wangu hajaanza kutambaa. Habari za kurudi Kagera bibi hakuzitaja tena. Alikuwa akija kila mwaka na kopo lake la senene, anakwenda kwanza mgombani, ndipo anaingia ndani.

Wote wawili hawapo sasa, bibi na baba. Kibanja wamegawana baba wadogo, ugonjwa wa mnyauko ukapita ukafyeka migomba mingi, na wangu ukiwemo. Ninamkumbuka sana bibi. Ninakumbuka uzito wa mkono wake mbavuni mwangu. Vyungu vya namna ile sivioni, na sijui kama yupo mwanamke aliyebaki katika ukoo wetu anayejua chumvi kiasi gani na majivu kiasi gani. Mimi nililinda chungu wiki nzima, na sikuuliza.

Mama bado yuko Buzuruga. Majirani karibu wote wameuza, mbele yake ni maduka matupu, na kila mwezi huja mtu na gari zuri kumshawishi. Jioni ile, baada ya hospitali, nilikwenda kwake na hasira zangu, nikamsemea mdogo wangu kama tulivyokuwa tukisemeana utotoni. Mama akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi mambo ya kondo sikuyaamini hata siku moja," akaniambia. "Nilijua bibi yako anayaamini. Nilijua akishalizika kwa mkono wake, hatatuondoa tena."

Miaka yote hiyo! Kisha nikamuuliza, kama ni hivyo, na mji umemzunguka namna hii, mbona hao wanunuzi anawafukuza?

Mama alinitazama kama anavyomtazama mtu asiye na akili, kisha akaunyooshea kidole ule mgomba.

"Nimuuzie mtu mwanangu?"